Grafu ya Ndala

Nilipopangiwa kufundisha kwenye kitongoji kimoja cha pwani, juu kidogo ya Mchinga, mama yangu kule Mitole aliniusia jambo moja tu: nifunge mdomo. "Una hasira za karibu, binti yangu, na watu wa pwani wana maneno. Mtachoshana." Alisema kweli. Tulichoshana sana, mimi na wao, kabla hatujazoeana, na haya ninayoyasimulia yalitokea wakati bado tunachoshana.

Shule yenyewe ilikuwa shule shikizi. Kwa asiyejua, shule shikizi ni shule ambayo bado haijasimama kwa miguu yake. Inashikiliwa na shule mama. Yetu ilikuwa na vyumba viwili, walimu wawili, watoto wa awali hadi darasa la nne, basi. Mwaka huo mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo nilikuwa peke yangu, mwalimu mkuu, mwalimu wa kawaida na mpiga kengele. Shule mama iko ng'ambo ya hori, yaani ule mkono wa bahari unaoingia ndani katikati ya mikoko. Maji yakitoka, watoto wa darasa la tano na kuendelea wanavuka kwa miguu, sketi zimefungwa kiunoni na madaftari yako kichwani. Maji yakijaa hakuna kuvuka. Ama wazunguke hadi barabara kuu, na huko ni mbali, ama warudi nyumbani. Wengi waliomaliza la nne kwetu walirudi nyumbani, na wasichana ndio hasa waliorudi.

Nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja anayekaanga samaki na kuwauza jioni mbele ya nyumba yake. Mumewe alikuwa mvuvi wa kuhamahama, miezi mingine yuko Songo Mnara, miezi mingine hajulikani aliko. Mama huyo alinizidi umri kama miaka kumi, nikawa namwita dada. Binti yake mkubwa alikuwa amemaliza la nne kwa alama za juu kuliko wenzake wote, akaishia kupara samaki uani. Nilipomuuliza mama yake kwa nini, alinijibu bila kunitazama, "Hori silitaki." Basi. Na ukimjua yule mama, akishasema basi ni basi.

Msimu wa korosho ulipoingia, afisa elimu kata akaja na pikipiki yake bila taarifa. Msimu wa korosho kwetu nusu ya nyumba zinafungwa, watu wanahamia mashambani na watoto wao kuokota. Akakuta madawati yanapumua.

"Mwalimu, watoto wako wapi?"

"Wanaokota korosho, afisa. Njoo mwezi wa kwanza uone kama utapata pa kukanyaga."

"Mwezi wa kwanza utakuwa umechelewa," akasema. Si mtu mbaya, kijana mpole tu, na alionekana amechoka kutumwa. Akanieleza. Huko juu wanataka kuziunganisha shule ndogo na shule mama. Kama kitongoji kitaonyesha kwamba kina watoto wa kutosha, wanaokuja nyuma na waliobaki majumbani, tutaongezewa darasa la tano na kuanza safari ya usajili kamili. Kama hakitaonyesha, Januari shule inafungwa, na wote, hata wa darasa la kwanza, watasoma ng'ambo.

"Niletee idadi," akasema akiwasha pikipiki. "Maelezo ninayo mengi. Niletee idadi."

Nikabaki nimesimama pale uwanjani. Maji ya hori yanayonifika mimi magotini yangewafika wale wa darasa la kwanza kifuani. Niliogopa, sitaki kudanganya, lakini nikajipa moyo kwamba kazi yenyewe ni nyepesi. Kwani wiki hiyo darasa la nne tulikuwa tumefika kwenye takwimu. Watoto wenyewe wangekusanya hiyo idadi nyumba kwa nyumba, tungechora grafu safi, afisa angeondoka nayo. Nilijiona mjanja mno.

Nikagawa ubao katikati kwa chaki. Upande mmoja data za sifa, zile ambazo jibu lake ni neno: rangi ya mtumbwi, aina ya samaki, kazi ya baba. Upande wa pili data za idadi, zile ambazo jibu lake ni namba. Nikawaeleza kuwa hizi za idadi nazo ziko mbili. Kuna zinazohesabika moja moja, kama mbuzi na watoto, ambazo huwezi kuwa na nusu yake. Na kuna zinazopimwa, kama uzito wa pweza au urefu wa kamba, ambazo nusu na robo zake zipo.

Mkono ukanyooka nyuma. "Mwalimu, fungu la dagaa ni data gani?"

Darasa likagawanyika pale pale. Mmoja akasema linahesabika, maana watu wanasema fungu moja, mafungu mawili. Mwingine akasema aa wapi, fungu la shangazi yake si fungu la jirani, hata siku moja. Wa tatu akasema inategemea na mnunuzi, akiwa mwalimu fungu linakuwa dogo. Wakacheka mpaka wakalala juu ya madawati, na mimi nikapata kujua kwa nini mboga yangu huwa haitoshi. Kitabu cha kufundishia hakikuwa na neno lolote juu ya fungu. Tukaliandika juu ya mstari wa katikati, lisiwe huku wala huku, tukaendelea.

Kazi ya nyumbani ikawa hii: kila mmoja aende nyumba kadhaa, aulize watoto wangapi hawajaanza shule, wangapi wanasoma hapa kwetu, na wangapi walimaliza la nne wakabaki nyumbani. Maswali matatu. Ningempa hata mbuzi angeniletea majibu.

Kesho yake nikasimama na chaki. "Haya. Nyumba ya kwanza, wangapi?"

"Alhamdulillahi, mwalimu."

"Alhamdulillahi nimesikia. Wangapi?"

"Ndivyo alivyojibu, mwalimu. Alhamdulillahi."

Nyumba ya pili walisema wapo. Ya tatu walisema Mungu kawajalia. Ya nne mama alisema kamuulizeni baba yao, na baba yao alisema kamuulizeni mama yao. Ya tano waliuliza, "Mwalimu anawataka wa nini?" Tukaendelea hivyo hadi mwisho wa darasa. Namba hata moja haikuja. Nilipandwa na hasira mpaka chaki ikakatika mkononi. Nikawaambia, mimi nimewatuma idadi, ninyi mmeniletea dua. Nikawaambia walikwenda kucheza. Nikasema na mengine ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Kisha binti wa pili wa mwenye nyumba wangu, ambaye alikuwa darasa hilo, akanyoosha kidole taratibu. "Mwalimu, si jana ulisema majibu ya neno ni data za sifa? Basi haya si data?"

Alikuwa sahihi. Nikakaa kwenye kiti, nikapumua, nikasema haya, tuzichore. Tukaunganisha karatasi za manila. Mstari wa chini tukaandika majibu, mstari wa kusimama tukaandika nyumba, kisha tukainua mihimili kwa kalamu za rangi, yenye upana sawa na nafasi sawa katikati. Mhimili wa "Alhamdulillahi" ulikwenda juu kuliko yote, tukaupaka kijani. Ulifuata wa "Wapo". Mfupi kuliko yote ulikuwa wa "Anawataka wa nini", na huo tuliupaka nyekundu. Nakiri ilikuwa grafu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisimamia. Tukaibandika ukutani kwa gundi ya uji wa muhogo, na hasira zangu zikaisha zenyewe.

Shida ikabaki pale pale. Jioni nikamfuata mwenye nyumba wangu kwenye karai lake la mafuta.

"Dada, hata wewe umeniangusha. Mwanao mwenyewe umemjibu wapo."

"Si kweli kwamba wapo?"

"Nataka namba. Wanaifunga shule, dada. Mwanao mdogo yule wa darasa la kwanza atavushwa hori kila siku, unanisikia? Kwa sababu ya ukaidi wa kutaja namba tu."

Akageuza samaki wake, mmoja, wa pili. Nilidhani atanitukana, na kwa namna nilivyomsemea nilistahili. "Wewe mtoto wa Mitole," akasema, "kwenu mnahesabu mihogo. Hapa mtu aliye hai hahesabiwi. Maiti ndiye anayehesabiwa." Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Alipita mtu wa vyandarua miaka ile. Akauliza kama unavyouliza wewe. Nikamjibu kwa namba, nikijua mwenye kupewa ni mwenye kusema. Vyandarua vilipofika, kimoja kikakosa mtu wa kulala ndani yake."

Mafuta yakaendelea kulia. Ningeweza kumwambia kwamba kilichomuua mtoto yule ni homa, wala si namba. Yeye mwenyewe alijua ni homa. Nilimwambia tu pole, dada, nikaenda chumbani kwangu nikakaa kitandani, na nilijisikia vibaya kwelikweli.

Afisa alirudi kabla msimu haujaisha. Akaiona grafu ukutani, akaisogelea, akacheka mpaka akavua kofia ya pikipiki. "Hii nzuri sana, mwalimu. Lakini nikiwapelekea Alhamdulillahi wataniuliza ni jumla ya wangapi." Akanipa muda hadi shule zifungwe kwa likizo. Mimi sikucheka naye.

Ijumaa moja baada ya hapo nilikwenda kwenye darsa la akina mama, linalosomwa barazani kwa mwalimu wa madrasa. Nilichelewa. Mbele yangu alitangulia mama mwingine aliyechelewa pia. Alipofika mlangoni akatazama ndala zilizovuliwa pale, akasema, "Leo wamejaa, hata pa kuvulia hapana," akapenya akaingia. Hakuchungulia ndani. Hakuhesabu mtu. Alitazama ndala tu, akajua. Na wiki iliyotangulia alitazama vilevile akasema leo wachache.

Mimi nikabaki pale, ndala moja nimeivua, nyingine bado mguuni. Aliyekaa karibu na mlango akaniuliza kama nimeona tandu.

Darsa lile sikusikia kitu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nafikiria grafu. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba grafu inachorwa baada ya kuhesabu, ili kuipamba hesabu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuona wingi na uchache, kipi kirefu kipi kifupi, bila namba yoyote kutoka mdomoni mwa mtu.

Jioni nikarudi kwenye karai. Safari hii nilikwenda na adabu.

"Dada, nikiweka ndala ya mtoto chini, na pembeni yake nikaweka ndala ya mtoto mwingine, hapo nimehesabu?"

Akafikiri. "Hapo umepanga ndala."

"Na mtu akija akazitazama?"

"Macho yake." Akanipa kipande cha samaki changu bila kunidai, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nipange kwake. "Na mtoto asiye na ndala?"

"Alete kikombe chake."

"Haya," akasema. Na ukimjua yule mama, akishasema haya, kitongoji kizima kina habari kabla ya isha.

Tulifanya Jumamosi, watu walipokwisha kurudi kutoka mashambani. Darasa la nne walifagia uwanja wakachora mistari kwa majivu: safu ya wasioanza shule, safu ya wanaosoma, safu ya waliomaliza la nne wakabaki. Watu wakaanza kuja, mama na mfuko wake wa plastiki, baba na ndala mbili tatu amezining'iniza kidoleni akijifanya anapita tu. Kila mtoto aliwekewa ndala ya mguu mmoja. Zilikuja za rangi zote, zilizofungwa kwa waya, zilizoliwa kisigino, na vikombe vya wale wanaotambaa.

Katikati ya kazi nikagundua tumeharibu. Ndala za wakubwa ni ndefu. Ukipanga ndala za wakubwa na vikombe vya wachanga, kisigino kwa kidole, safu ya wakubwa inarefuka hata kama idadi ya watoto ni ile ile. Grafu yetu ilikuwa inasema uongo mchana kweupe. Nikasimamisha kila kitu. Watu wakaguna, baba mmoja akauliza kama sasa tunapima na miguu. Nikakata fimbo moja ya mkoko, nikawapa watoto, wakachora miraba ya majivu yenye ukubwa mmoja katika safu zote tatu. Mraba mmoja, mtoto mmoja, awe na ndala kubwa kama ya polisi au kikombe cha uji. Walirudia kupanga bila kunung'unika, na binti wa mwenye nyumba wangu akawa anamsahihisha kila anayeweka viwili kwenye mraba mmoja, hata wazee, kwa shikamoo kwanza.

Tulipomaliza, watu wakasogea nyuma kutazama. Safu ya wanaosoma ilikuwa ya kawaida. Ya wasioanza ilikuwa ndefu, hiyo kila mtu aliitarajia. Lakini ile ya tatu, ya waliomaliza la nne wakabaki, ilipita zote, ikavuka mstari wa uwanja, ikaingia kwenye nyasi. Kila nyumba ilimjua wa kwake aliyebaki. Hakuna aliyekuwa amewaona wote pamoja. Mama mmoja akasema, "Yarabi, ni hawa wote?"

Afisa alifika saa nne kama tulivyokubaliana. Akatembea kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho wake, akapiga picha kwa simu, mbele, pembeni, kisha akapanda juu ya dawati akapiga kutoka juu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, na watu wakageuza nyuso ili asije akaonekana anahesabu mbele yao. Kisha akashuka, akaniita pembeni, lakini uwanja ni mdogo na kila mtu alisikia.

"Mwalimu, kazi nzuri. Tatizo, ndala haina jina. Huu ufukwe kila siku unatupa ndala za watu wasiojulikana. Nikipeleka picha hii wataniambia mmeziokota. Nahitaji mzazi wa kusimama aseme, hizi ni za wanangu, ni wangapi. Hata wachache tu, niandike ushahidi."

Nikataka kumrukia. Namna tulivyohangaika! Nikafungua mdomo, nikaufunga. Hasira haikuwa na pa kwenda, kwa sababu hata yeye alikuwa anasema kweli. Nikawatazama wazazi. Wakatazama chini. Maana yake nini kuomba jambo hilo, mimi nilikuwa najua kuliko afisa. Nikawaambia, "Wazazi wangu, mimi siwalazimishi." Na nilimaanisha. Nilijua nimesema kwaheri kwa shule.

Mwenye nyumba wangu akatoka katikati ya watu. Alikuwa na mtoto wake wa mwisho mgongoni, amefungwa kwa kanga. Akaenda kwenye safu ya tatu, akainama.

"Hii ya bluu ni ya binti yangu wa kwanza. Hasomi, kwa sababu mimi nimemkataza hori, si kwa sababu hana akili." Akaenda kwenye safu ya pili. "Hii nyekundu ni ya mdogo wake, yuko la nne. Hii yenye waya ni ya mwanamume, yuko la kwanza." Akaenda ya kwanza. "Na kikombe hiki ni cha huyu hapa."

Afisa akasema ahsante mama, imetosha. Na ilitosha, hata mtoto wa awali angejumlisha. Lakini mama yule hakuondoka. Alisimama pale anapumua kama mtu aliyepanda mlima na ndoo ya maji, mkono wake mmoja umekwenda nyuma kushika mguu wa mtoto.

"Wanne," akasema. "Andika wanne."

Nililia, na sioni haya kusema. Nilimgeuzia afisa mgongo nikalia. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mwingine, "Mimi watatu," kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha mwingine. Wapo walioendelea kusema Alhamdulillahi huku wakionyesha ndala zao kwa kidevu, na afisa naye akawaandikia hivyo hivyo, idadi akaimalizia mwenyewe. Aliondoka na kurasa zilizojaa.

Laiti ingeishia hapo ningelala usingizi. Wiki iliyofuata, alfajiri maji yakiwa yanaanza kutoka, nikasikia mlango wangu unagongwa. Ni mwenye nyumba wangu, na mtoto yule wa mwisho mikononi, anachemka. Nilingoja aniambie, unaona sasa? Nilikuwa tayari kuipokea lawama yote, wala nisingejitetea.

Hakusema hivyo. Alisema, "Vaa twende. Wewe unajua kuongea na watu wa zahanati."

Zahanati nayo iko ng'ambo. Tukaingia kwenye hori, yeye mbele, mimi nyuma nimembeba mtoto begani, maji bado yako kiunoni na matope yanavuta mguu. Sikuwa nimewahi kulivuka maji yakiwa vile. Katikati nilikanyaga shimo nikayumba, akanidaka kwa kiwiko bila kugeuka, kama aliyejua mahali pale nitayumba. Mimi nilikuwa naomba dua zote ninazozijua, na nikikwama narudia ya kwanza. Yeye aliwaza nini sijui, na sijawahi kumuuliza.

Mtoto alipimwa, ikaonekana malaria, akapewa dozi, tukakaa naye kwenye benchi hadi jua likawa kali. Nikaona macho yake yanaanza kufuata nzi aliyekuwa ukutani. Mama yake naye akaona. Akavuta pumzi ndefu, akafungua fundo la kanga akatoa kipande cha andazi kilichokauka, akanigawia nusu. "Homa tu," akasema. Nami nikasema, "Homa tu, dada." Tukala. Tulivuka kurudi maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Siku zile kitongojini walimtupia jicho sana mtoto yule. Walikuwa wanapita nyumbani kwa visingizio, mmoja anataka chumvi, mwingine anauliza bei ya changu, kumbe wanataka kumwona kama anacheza. Alikuwa anacheza. Alivunja hata kibao changu cha kupigia mstari. Sikumgombeza, na ninavyojijua, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kibali cha darasa la tano kilikuja likizo ikiwa inaisha. Usajili kamili bado tunaufuatilia hadi leo, na choo cha tatu tunakichimba wenyewe, lakini shule haikufungwa, na darasa la tano likapata chumba kwa kuwahamishia awali kwenye baraza la nyumba ninayopanga.

Asubuhi ya kufungua, nilikuwa mlangoni na chaki na roho juu juu, sijui kama watakuja au la. Kutoa ndala si sawa na kumtoa binti ambaye sasa anajua kukaanga samaki kukushinda wewe. Wakaanza kuja mmoja mmoja, warefu, wanaona haya kupita kwenye mlango walioutoka zamani. Kisha nikamwona mwenye nyumba wangu anakuja na mabinti zake wawili, mkubwa na mdogo, wote na sketi mpya, sasa wa darasa moja. Kijana wake akanipita mbio, akaingia darasa la pili bila hata shikamoo. Wa mwisho alikuwa mgongoni, anakula kona ya kanga.

Tukasalimiana. Akawasukuma mabinti mbele kidogo.

"Hawa wa kwanza na wa pili ni wako, darasa la tano," akasema, kwa sauti ile ile anayoitia wateja. "Wa tatu umemwona kapita, mfundishe adabu." Akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akafunga kanga upya. "Huyu wa nne bado mdogo, ila mwekee nafasi."